Kiapo Changu Mbele ya Haidromita

Ninalotaka uliandike leo ni aibu yangu mwenyewe, na nataka uliandike kama ninavyolisema, bila ya kulipamba na bila ya kulipunguza, maana nimewakemea wengi katika ukoo huu kwa makosa madogo kuliko hili, na si haki mimi niyajue yao yote na wao langu wasilijue. Mimi Rehema binti Omari, niliyekuwa nikiuza maziwa Kisauni, nilimwagiwa maziwa yangu mchangani na mtu wa serikali, mbele ya watu wazima na watoto, kwa tuhuma ya kutia maji, na maji sikutia. Lakini lililonitahayarisha zaidi si neno alilolisema yeye, bali nililolisema mimi.

Sababu ya kulitoa sasa ni wewe, mjukuu wangu. Jana nilikusikia ukisoma kwa sauti kitabu chako cha sayansi, ukirudia haidromita na haigromita, haigromita na haidromita, na kila mara ukiipa hii kazi ya ile, mpaka ukakifunga kitabu kwa hasira. Nikakwambia kutoka jikoni kwamba haidromita hutiwa ndani ya kitu cha majimaji ikaonyesha kama ni kizito au chepesi, na haigromita hukaa hewani ikaonyesha hewa ina unyevu kiasi gani. Ukanitazama kama umemsikia paka akisoma gazeti. Ni kweli sikusoma, na mpaka leo natia dole gumba penye saini, lakini tofauti ya vitu hivyo viwili naijua kuliko mwalimu wako, kwa sababu yeye aliisoma na mimi ilinipata.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, kabla ya uhuru. Babu yako alikuwa amekwisha kufariki, ameniachia watoto watatu, ng'ombe wanne na kibali cha kuuza maziwa. Kibali chenyewe kilikuwa karatasi ngumu yenye muhuri, nacho ndicho kilichotulisha, maana bila ya kibali huuzi, na mimi kazi nyingine sikuwa naijua. Kila asubuhi niliketi kwenye njia panda ya barabara ya Malindi na makopo yangu mawili, na hatua tatu kutoka kwangu aliketi mwanamke mwenzangu aitwaye Mwanakombo, mcheshi, mnene, aliyecheka na kila mpita njia (tabia ambayo sikuipenda wakati ule, na sasa pia siipendi sana).

Maziwa ya Mwanakombo yalikuwa membamba, na ukiyatazama ukingoni mwa bilauri yana rangi ya samawati. Yangu yalikuwa na mafuta, yakiacha alama kwenye bilauri. Basi nikaamua kwamba Mwanakombo anatia maji. Andika hivyo hivyo, kwamba niliamua. Sikumwona akitia, wala hakuna aliyeniambia kwamba amemwona. Na nilipokwisha kuamua sikunyamaza, bali asubuhi moja, mteja aliposimama katikati yetu akisitasita, nilimwambia kwa sauti ya kusikika na wote kwamba akitaka maziwa aje kwangu, na akitaka maji kisima kiko nyuma ya msikiti. Watu wakacheka. Mwanakombo hakujibu kitu ila, "Haya, dada," akaendelea kumpimia mtu mwingine.

Baada ya siku chache zikaja habari kwamba bwana afya mpya atapita Alhamisi kuwapima wauza maziwa wote wa barabara ile, na kwamba ana chombo kiitwacho haidromita ambacho hakidanganyiki. Nilifurahi. Niliona kwamba Mwenyezi Mungu amemleta mtu wa kuyathibitisha maneno yangu juu ya Mwanakombo. Lakini jioni ile alikuja kunitazama kaka yangu Athumani, aliyekuwa mlinzi wa ghala la mbata huko Changamwe, nikamweleza habari za chombo hicho, naye akatikisa kichwa kwa utulivu wa mtu aliyeona mengi.

"Hicho tunacho sisi ghalani," akaniambia. "Kimetundikwa ukutani, kina mshale. Mtu akiingia na kanzu mbichi tu, mshale unakwenda. Kinanusa maji hicho, Rehema."

Na ni kweli walikuwa na chombo ukutani, kwa sababu mbata, yaani nazi iliyokaushwa, ikitiwa magunia na unyevu huota ukungu, na karani wa ghala hakuruhusu gunia kushonwa kabla ya kuutazama mshale ule. Chombo chao kilikuwa haigromita. Athumani alijua kwamba majina hayo hayafanani mpaka mwisho, nilimuuliza na akakiri, lakini alisema vyombo vilivyokaribiana majina hivyo ni ndugu, na kazi yao ni moja, kutafuta maji. Akanishauri nisikipe chombo hicho sababu ya kunishuku, kwa kuwa hata tone lililosalia kwenye kopo baada ya kuosha lingeweza kunitia hatiani bila ya kosa.

Laiti asubuhi ile ningeyapeleka maziwa kama yalivyotoka kwa ng'ombe, kama nilivyofanya kila siku kwa miaka saba, nisingekuwa na la kukusimulia. Lakini niliona haidhuru kujihadhari kidogo. Basi Jumatano niliyaosha makopo mapema nikayaanika juani mchana kutwa, na alfajiri ya Alhamisi, kwa kuwa usiku ulikuwa na umande, sikuyaamini, nikawasha chetezo nikatia ubani, nikayafunika makopo juu ya moshi kama tunavyofukiza nguo za sikukuu na mitungi ya maji ya kunywa, ili unyevu wote utoke. Halafu nikawaza kwamba ng'ombe hunywa maji, na yale maji huenda wapi? Nikawanyima maji mpaka nilipokwisha kukama (wakanitazama wote wanne, na yule mwekundu akapiga teke ndoo). Halafu nikayatazama malai.

Desturi yangu ilikuwa kuuza maziwa ya asubuhi tu, na ya jioni kuyaacha yalale katika bakuli pana, na asubuhi kuyaengua malai yaliyopanda juu nikayaweka ya kufanyia samli. Asubuhi ile nikajiambia kwamba malai ni mafuta, na mafuta na maji hayapatani, na kopo likijaa mafuta maji hayatakuwa na pa kukaa, na chombo kikinusa kitanusa utajiri mtupu. Nikayachukua malai yote ya ng'ombe wanne, nikayamimina katika maziwa ya asubuhi, nikayakoroga kwa upawa mpaka yakachanganyika yasionekane. Nilipoyatazama yalikuwa mazuri kiasi cha kunitia majivuno. Nikavaa buibui langu, nikaenda.

Bwana afya alikuwa mtu wa bara, kijana wa makamo, mpole, mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi. Watu walikuwa wengi, wateja na wasio wateja, na wanaume waliokuwa wakienda kazini wakasimama kutazama. Alipofungua kisanduku chake nilitazamia kuona kitu cha mviringo chenye mshale, lakini akatoa kijiti cha kioo chenye tumbo chini na shingo nyembamba juu, na shingoni mistari midogo, mmoja wao mwekundu. Hapo nilijua kwamba hiki sicho alichokisema Athumani. Mtu mwenye busara angenyamaza akangoja zamu yake. Mimi nilisimama, nikamwambia bwana afya aanze na mimi, ili watu wajue leo nani anauza maziwa na nani anauza maji.

Akachota maziwa yangu kwenye gilasi ndefu, akainusa, akanitazama, akainusa tena. Harufu ya ubani ilikuwa imeenea mpaka barabarani.

"Leo maziwa ya Bi Rehema yaenda harusini," akasema Mwanakombo, na wote wakacheka, hata bwana afya akatazama pembeni kidogo.

Kisha akakitia kile kijiti. Nilitazamia kisimame. Kilizama polepole, mstari baada ya mstari, mpaka mstari mwekundu, ambao maziwa halali hayaufuniki, ukapotea ndani ya maziwa. Akakitoa, akakifuta, akakitia tena, kikazama vile vile. Hakupiga kelele. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kwa heshima, kama mtu anayempa mwenziwe nafasi.

"Mama, umetia kitu chochote humu?"

Swali lake lilikuwa hilo. Hakuniuliza kama nimetia maji. Aliniuliza kama nimetia kitu chochote, na jibu lake lilikuwa rahisi, tena lingeniokoa. Lakini mimi nilisikia maji, kwa sababu moyoni mwangu hapakuwa na kosa jingine duniani ila maji. Nikanyanyua mkono mbele ya watu wote.

"Wallahi al-adhimu, sikutia kitu chochote."

"Hata kidogo?"

"Nimekwisha kuapa, bwana. Mimi siapi mara mbili."

Akamgeukia Mwanakombo, akachota maziwa yake yale membamba ya samawati, akakitia kijiti, na kijiti kikasimama wima shingo yote nje, kama askari wa gwaride. Akasema haya hayana maji. Halafu akaniambia kwamba sheria inamlazimisha, akayainua makopo yangu moja baada ya moja, akayamwaga mchangani kando ya barabara. Yalikuwa mengi, hayakunywewa na mchanga upesi. Paka walikuja. Ubani ukapanda pale chini na joto la jua, na mwanaume mmoja katika wale wa kazini akasema inna lillahi, kwa kuwa palinukia kama penye matanga. Kibali changu akakikunja, akakitia mfukoni, akaniambia kwamba atarudi Alhamisi ijayo. Nikiwa na la kujieleza nije nijieleze, na nisipokuwa nalo kibali hakitarudi.

Nilirudi nyumbani na makopo matupu. Sikulia (usiandike kwamba nililia). Nilikuwa na hasira na chombo, na bwana afya, na Mwanakombo, na Athumani, kwa utaratibu huo. Kwa siku zilizofuata wateja wangu wote walikwenda kwa Mwanakombo, hata nyumba ya maalimu wa msikitini iliyonunua kwangu tangu babu yako yu hai, na wanawake niliokutana nao kisimani walinisalimia kwa adabu iliyozidi, ile ambayo mtu hupewa akiwa amefiwa au amefumaniwa. Maziwa niliyagandisha yakawa mengi ya kupita kiasi, na watoto wangu walikula mtindi na mhogo, mhogo na mtindi, na mkubwa wao akaniuliza kama bwana afya akikaa na karatasi yetu tutawauza ng'ombe. Nikamwongezea mtindi, kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo.

Jumapili Athumani alikuja tena, safari hii bila ya utulivu wake. Alikuwa amemuuliza karani wa ghala, na karani amemcheka mbele ya wapagazi.

"Kumbe si ndugu," akasema. "Chetu kinapima hewa. Hicho chenu hakijui maji wala hakinusi. Kinajua kizito na chepesi, basi. Maziwa yakitiwa maji huwa mepesi, nacho huzama."

Nikamwambia kwamba maziwa yangu hayakutiwa maji, kwa hiyo yasingekuwa mepesi. Akasema yeye hajui, yeye ni mlinzi wa mbata. Hapo macho yangu yakaangukia bakuli la maziwa ya jana lililokuwa mezani. Malai yamepanda juu, yametanda kama blanketi. Mjukuu wangu, nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kuyaengua malai, kila siku iendayo kwa Mungu, na kila siku nimeyakuta juu, na siku hata moja sikujiuliza kwa nini yakae juu yasikae chini. Kinachopanda juu ya mwenziwe ndicho chepesi. Maziwa yanayoonekana mazito kwa macho na kwa ulimi, kwa sababu ya malai yake, ndiyo mepesi kwa kile kijiti cha kioo. Na maziwa ya Mwanakombo yalikuwa yamesimamisha kijiti, basi huenda ni kwa sababu yeye huyaondoa malai yote kabla ya kuuza, na ndiyo maana yana rangi ile. Sikumwona akitia maji kwa kuwa hakuwa akitia.

Nilikata kipande chembamba cha tete, nikakitia chini yake risasi ya mshipi wa kuvulia, nikakiziba kwa nta, nikakiacha kielee katika maziwa matupu na kukitia alama kwa makaa. Kisha nikatia malai, kikazama chini ya alama. Katika bakuli jingine nikatia maji, kikazama vile vile. Athumani alifurahi, akasema nimeokoka, Alhamisi nimwonyeshe bwana afya na kibali kitarudi.

Yeye aliona njia tu. Mimi niliona mlango uliosimama katikati ya njia hiyo. Ili nimwambie bwana afya kwamba kilichozamisha chombo ni malai, lazima nimwambie kwamba nilitia malai, na nilikuwa nimenyanyua mkono mbele ya watu na kuliapia jina la Mungu kwamba sikutia kitu chochote. Nikinyamaza, mimi ni mtia maji ambaye hakutia maji, na ng'ombe watauzwa. Nikisema, nasafika kwa habari ya maji, ila ninakuwa mwenye kiapo cha uongo, tena kwa kinywa changu. Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo, na Jumanne nikaenda kwa maalimu, yule aliyeacha kununua kwangu, nikalisema lote nyuma ya pazia. Aliniuliza kama nilipoapa niliyakumbuka malai. Nikamwambia nilikuwa nimeyatia kabla ya jua kuchomoza, na mkono nilioyatilia ndio ule ule nilioapia. Akasema basi nalijua jibu, na kiapo kina kafara yake, kuwalisha maskini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu. Nikamwambia kwamba mimi mwenyewe wiki hii ni mmoja katika wale kumi. Hakucheka. Akasema nifunge.

Alhamisi nilikwenda njia panda na kopo moja la maziwa kama yalivyotoka kwa ng'ombe, na kibakuli cha malai. Watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, maana mtu akiumbuka hupata watazamaji wapya. Bwana afya alinisalimia, akaniuliza kama nina la kusema.

"Niliapa hapa kwamba sikutia kitu," nikasema. "Nilitia. Nilitia malai ya ng'ombe wanne, ili nionekane bora kuliko mwenzangu. Maji sikutia, lakini kiapo changu kilikuwa cha uongo."

Bwana afya alifungua kisanduku chake. Alichota maziwa matupu, akakitia kijiti, kikasimama. Akatia kijiko cha malai, akakoroga, kijiti kikashuka. Akatia kingine, kikashuka zaidi. Akakitoa na kukitazama kijiti chake kwa muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa siri na rafiki wa zamani. Akasema wenziwe wa ofisini walimfundisha habari za maji, hawakumfundisha habari za mtu anayeongeza utajiri. Kisha akatoa kibali mfukoni, akanipa, akaniambia kwa adabu kwamba sheria inataka maziwa yauzwe kama yalivyo, kwa hiyo kosa langu linabaki kosa, ila safari hii amelisamehe. Hapo ndipo watu walipoanza kucheka, kwanza wachache, kisha wote, na sikuwa na haki ya kuwanyamazisha.

Aliyebaki ni Mwanakombo. Nilimgeukia nikamtaka radhi mbele ya wale wale niliomtukana mbele yao, na maneno hayo yalikuwa magumu kuliko yale ya kwanza, maana yale niliyasema kwa Mungu na kwa serikali, na haya kwa jirani. Alikuwa akifuta kopo lake. Hakutabasamu.

"Mimi hutoa malai, dada, na wewe umetia," akasema. "Sote wawili hakuna aliyetia maji. Maji yalikuwa ulimini mwako."

Akaniachia nafasi ya kukaa, hatua zile zile tatu, na tukauza.

Nilifunga Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, huku nikikama na kuuza kama kawaida, kwa kuwa ng'ombe hawajui kafara. Wateja walirudi kidogo kidogo. Wengine hawakurudi kabisa, na sikuwalaumu. Kwa muda mrefu, nikipita, vijana walikuwa wakiuliza kwa sauti ni nani anafukiza.

Tangu siku ile sijaapa, na wala sikuapa mahakamani nilipoitwa kwa ajili ya mpaka wa shamba la Athumani. Nilisema niliyoyajua, wakayapokea hivyo. Na mtu akila kwangu akaniuliza nimetia nini humu, mmenisikia wote mkachoka na mkanicheka kwa siri mkidhani sijui: humtajia kimoja kimoja, nazi, bizari, vitunguu, ndimu, maji ya kisima, chumvi, na chumvi ya pili niliyoiongeza baadaye. Sisemi kwamba sikutia kitu. Kwanza naiangalia mikono yangu.